Maneno ya Mfanyabiashara Mmoja

6 Februari

Mwanangu, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu, na usiniulize kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nikikupigia huwa unaniambia, "Shangazi, nakupigia baadaye," na hiyo baadaye mpaka leo haijafika. Karatasi haina haraka. Utaisoma ukiwa umekaa.

Mimi mzima. Goti la kushoto limeanza kutabiri mvua, na linapatia kuliko hiyo redio yenu. Mashine kubwa ya kukaushia nguo ilianza kunguruma, mdogo wako akaifungua yote hapo sakafuni nikadhani ndiyo basi tena. Kufika saa kumi ikawa inafanya kazi, na skrubu mbili zimebaki. Anasema hazikuwa na maana. Yule mteja wa suti ya kijivu hajaja kuichukua tangu mwaka jana, nimeanza kuisalimia asubuhi kama mpangaji.

Mdogo wako hajambo. Bado analala chumba cha nyuma ya duka langu, bado kila mtu anamwita Fundi, na kazi za friji na mashine anazipata. Huu ni mwaka wa pili tangu aache unga. Amekonda kidogo, lakini nani asiyekonda na joto hili.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita alikuja muuguzi wa zahanati na kiboksi cheupe cha kutundika ukutani. Ndani yake mna dawa ya kupuliza puani. Anasema mtu akizidiwa na unga, akawa hapumui vizuri na midomo imebadilika rangi, unampulizia, unaita msaada, na mara nyingi anazinduka. Anasema dawa yenyewe hailevyi, wala haimdhuru asiye na unga mwilini. Watumiaji wanaangukia sana nyuma ya safu yetu ya maduka, kwenye tangi la maji, na mwaka jana wawili hawakuinuka. Anataka boksi likae kwangu kwa kuwa nafungua mapema, na kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa safu. Nikikubali, maduka mengine kumi yatafuata. Nikikataa, vivyo hivyo.

Sijui nifanye nini. Upande mmoja naiona ni kama ndoo ya mchanga ya kuzimia moto, inakaa tu, haimwombi mtu chakula. Upande wa pili najiuliza: nikimtolea mtu doa bure kila siku, atajifunza lini kula kwa adabu? Halafu najiona nina roho mbaya. Halafu nalirudia wazo lile lile. Kichwa kimekuwa kama nguo zilizochanganywa rangi. Wewe unasoma habari za watu wote, unajua wenzetu kwingine wamefanyaje. Nimemwambia muuguzi asubiri mpaka mwezi ujao, na ninachosubiri ni neno lako.

Msalimie mumeo, au usimsalimie kama bado amenuna.

Ni mimi, Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa siku tisa mezani kazini chini ya magazeti, na nilipoiona nilijua utakavyoniambia.

Sisi tu wazima. Mume wangu amenunua, hajanuna tena: amenunua kiti cha kuzunguka na anazunguka nacho sebuleni jioni nzima. Kazini tumebaki wawili chumba cha habari baada ya mwenzetu kuacha kazi, kwa hiyo nahariri, nasoma taarifa, na siku nyingine nafagia. Bosi wetu ana sheria moja ambayo angeweza kuichanja kwenye paji la uso: hakuna habari yenye upande mmoja. Ukimleta anayesifu, mlete anayeponda. Hata mvua ikinyesha anataka mtu wa kuipinga.

Kuhusu hiyo dawa, imetokea kwamba nasi tunaitayarishia habari, maana zahanati nyingi zinatafuta pa kuweka maboksi. Waganga wameongea vizuri. Wanaopinga nao wapo, lakini ukiwawekea kinasa sauti wanakumbuka ghafla kwamba wana haraka. Bosi amenirudishia habari mara mbili. Swali lako nimelisoma, na nitalijibu sawasawa nikipumua. Si jambo la kujibu kwa mistari miwili.

Mdogo wangu "amekonda kidogo" ni kidogo kiasi gani? Anakula? Anaamka saa ngapi? Nikimpigia hapokei, halafu ananitumia ujumbe kuwa alikuwa juu ya ngazi. Mtu gani anakaa juu ya ngazi wiki tatu? Naomba hili usinijibu kwa mzaha.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Suti ya kijivu ipo, inakusalimu.

Sikupata jibu lako, ila nimepata jingine, tena kutoka redioni kwenu. Alhamisi, taarifa ya saa nane. Nilikuwa napiga pasi mashati ya wahudumu wa hoteli, nikakusikia kwa sauti yako mwenyewe ukisema kwamba mfanyabiashara mmoja anaona kuwazindua watumiaji wa unga ni sawa na kumtolea mtu doa bure kila siku, hawezi kujifunza kula kwa adabu. Mwanangu, nilikaa chini. Pasi nusura iunguze kola. Wazo langu, neno kwa neno, limetoka kinywani mwa mtu mwingine.

Nikajiuliza ni nani. Anayezungumzia madoa ni dobi, si mwingine, na madobi wa kueleweka katika mji huu tuko wawili: mimi, na yule mwanamke wa stendi. Unajua mimi na yeye hatujasalimiana miaka kumi na moja, tangu aliponichukulia mashuka ya hospitali. Nikavaa viatu nikaenda. Aliponiona mlangoni alishika ndoo kama silaha. Nikamwambia nimesikia maneno yake redioni na ninayaunga mkono. Akanitazama, akatazama ndoo, akasema, "Ndiyo, huo ndio msimamo wangu," akanipa kiti. Tuliongea hadi saa sita usiku. Kumbe ana presha kama mimi.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Kama mimi na yule mwanamke, ambao hatukubaliani hata kiasi cha sabuni kwenye kilo moja ya nguo, tumefikia wazo moja bila kuambizana, basi wazo hilo lina ukweli wake. Jumamosi tulikutana watu wa safu. Nilisema nilivyosema, muuza vioo akaongeza kwamba hata redio imesema, na maduka yote kumi na moja tumekataa. Muuguzi alichukua boksi lake akaondoka nalo kwapani. Ningependa angenigombeza.

Fundi alikuwepo siku ile ya taarifa, anafunga waya wa pasi nyingine. Ulipofika kwenye neno la doa akaacha waya, akainuka, akaizima redio. Nilimwambia bado sijasikia hali ya hewa. Akaniambia goti langu linatosha. Tangu siku hiyo akija dukani redio haiwashwi, na mimi simuulizi.

Umeniuliza anaamka saa ngapi. Anaamka.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hapa tu salama. Kiti cha kuzunguka kimevunjika, tumepona.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko kawaida. Una hakika ni yule dobi wa stendi? Alikuambia mwenyewe kwamba aliongea na redio, au alikubali tu ulichomwambia? Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu za kazini. Watu wanaweza kukubali maneno ambayo si yao, hasa yakiwa yamesomwa redioni.

Na kama inawezekana, usilishikilie sana lile neno la doa. Habari ya dakika mbili si mwongozo. Muuguzi akirudi, msikilize tena. Nikisema hivi usidhani nina jibu. Nilitafuta, nikapata waganga wanaosema boksi linaokoa watu, nikapata msikilizaji anayepiga simu kila siku kusema linawapa kiburi, anamnukuu "mfanyabiashara mmoja", na mimi nimekaa katikati na kipaza sauti.

Mwambie mdogo wangu anipigie. Mwambie sitamuuliza chochote.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Naandika kwa kifupi, nina nguo za watu.

Juzi Fundi alipigwa shoti. Alikuwa ameitwa na dobi wa stendi kutengeneza mashine ya kukaushia, ndipo umeme ukamrusha, akazimia. Nilifika, akazinduka. Muuguzi naye alifika. Walimpeleka hospitali, amelala siku moja, amerudi. Anakula uji. Mwandishi wenu wa huku alipita kuuliza, nikamweleza hivyo hivyo, na nimesikia mmeitangaza.

Usije. Chumba ni kimoja na hataki kuonwa. Goti langu limevimba kwa sababu nilikimbia.

Umeniuliza kama dobi wa stendi aliongea na redio. Alinikubalia. Mtu akikubali, mimi nitamkatalia?

Shangazi


9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, na hutazihitaji.

Taarifa ya shoti niliisoma mimi. "Fundi mmoja amenusurika kupigwa na umeme." Nilimaliza kusoma, na kabla sijavua vifaa masikioni simu ikaita chumba cha habari. Alikuwa muuguzi wenu. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba mtu aliyepigwa shoti hapuliziwi dawa puani, na kwamba yeye alipofika alikuta tayari kuna mtu amempulizia. Akasema hatangazi siri za wagonjwa, anasahihisha umeme tu. Akakata.

Kwa hiyo najua ulikuwa unga. Nilijua hata kabla. Mwezi wa kumi na mbili mdogo wangu alinipigia, akaongea polepole, akasinzia katikati ya maneno, mimi nikajiambia amechoka. Nilikuwa nakuuliza wewe anaamka saa ngapi kwa sababu niliogopa kumuuliza yeye. Na wewe uliponijibu "anaamka" nilijua kwamba unajua, nikafunga barua nikaenda kusoma taarifa.

Sasa sikiliza la pili. Siku bosi aliponirudishia ile habari mara ya tatu, ilikuwa saa nane kasoro dakika tano, na barua yako ilikuwa mbele yangu. Nilihitaji mtu wa kupinga. Nilichukua lile neno lako la doa. Ndoo ya mchanga niliiacha. "Najiona nina roho mbaya" niliiacha pia. Nikaandika "mfanyabiashara mmoja". Yule mfanyabiashara ni wewe, Shangazi. Dobi wa stendi hakusema lolote na redio. Ulikwenda kupatana na mtu kwa maneno yako mwenyewe, ukarudi umeamini, ukaitisha mkutano, na mimi nilikaa kimya tangu Machi nikiuliza "kwa ajili ya kumbukumbu".

Nimemwomba bosi tusome masahihisho. Ameuliza kama tuna mtu wa upande wa pili. Nitayasoma hata kama atanifukuza. Naona aibu mpaka mikono inakosa pa kukaa. Niambie alivyo, niambie kweli, na niambie kama nije.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo


11 Juni

Mwanangu,

Ndiyo, bado.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mteja akatoka. Siku ya pili nilikasirika, na hasira ikakaa. Nataka uielewe ni ya nini. Si kwamba uliyaiba. Ni kwamba mimi nilikuuliza. Nilikaa hapa nikingoja uniambie la kufanya, na kilichonirudia kilikuwa swali langu mwenyewe limepigwa pasi. Nikaliamini kwa sababu lilikuja na sauti yako.

Lakini na mimi nina yangu. Siku tuliyokataa boksi, muuguzi alipofika kwenye kona nilimkimbilia nikamwomba kichupa kimoja. Nikakificha kwenye droo ya vikaratasi vya namba za nguo. Sikumwambia mtu, wala wewe, wala Fundi. Kwa hiyo mbele ya wenzangu kumi nilikuwa nakataa, na kwenye droo nilikuwa nimekubali. Kwa miezi nilikuwa naona vijiko vinapotea, vingine vinarudi vimeungua. Naona anavaa mikono mirefu kwenye joto. Nilijua, kama wewe ulivyojua, na tukaandikiana habari za goti.

Mfanyakazi wa dobi wa stendi alipokuja mbio kusema Fundi yuko chini, sikuuliza ameangukaje. Nilifungua droo kwanza. Ni mwendo wa dakika kumi, niliukimbia nimeshika kichupa mkononi, wazi, watu wakiniona. Nilimkuta chooni kwa yule dobi, mgongo ukutani, midomo ina rangi ya ile buluu ninayotia kwenye mashati meupe. Nilimlaza, nikapuliza. Hakuna kitu. Niliita jina lake la utotoni, lile analolichukia. Dobi wa stendi alikuwa amemshika kichwa kwa mikono miwili, analia kuliko mimi. Halafu Fundi akavuta pumzi, moja, ikakaa sana, ikaja ya pili. Muuguzi alipofika na kichupa chake cha akiba, Fundi alikuwa amefungua macho. Alinitazama. Akasema, "Shangazi, si ulisema nisitolewe doa bure?"

Unajua mimi huwa nasoma kwa sauti ninachokiandika. Alikuwa nyuma ya mashine siku ile ya Februari, alisikia barua yote. Kwa hiyo alipoyasikia tena redioni kwa sauti yako, hakuwa na haja ya kujiuliza ni mfanyabiashara gani. Alijua ni mimi, na alijua ni wewe. Alifikiri tumekaa tukakubaliana juu yake. Ndiyo maana aliacha hata kukutumia ujumbe, na ndiyo maana alianza kujificha hata kwangu.

Watu walipojaa mlangoni, dobi wa stendi alitoka akawaambia Fundi kapigwa shoti na mashine yake. Alinisitiri bila kuombwa, na mimi nikaushika ule uongo nikampa mwandishi wenu. Siwezi tena kumchukia yule mwanamke, hata mashuka nimemsamehe.

Masahihisho yako niliyasikia. Yalikuwa mafupi, baada ya matokeo ya mpira, na sijakutana na mtu mwingine aliyeyasikia. Kwa hiyo niliitisha mkutano mwingine, nikajikaza kisabuni, nikawaeleza yote. Nikasema maneno ya redioni yalikuwa yangu na yalikuwa swali. Mshona viatu wa safu yetu akasema hapana, dobi wa stendi mwenyewe anakiri kuwa ni yake, amewaambia wateja. Nikasema Fundi alizinduliwa na dawa ile ile tuliyoikataa. Muuza vioo akaniambia kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mwenyekiti, redio ilisema ni shoti." Na shoti hiyo niliitoa mimi. Walinyoosha mikono. Wanne wamekubali, saba wamekataa. Nilitoka pale sijui kama nimesema kweli au nimesema uongo wa tatu.

Fundi anakwenda zahanati kila asubuhi kwa matibabu ya kuacha unga. Wiki iliyopita siku mbili hakwenda, nakuambia kweli kama ulivyoomba. Anakula. Ananijibu nikimsalimia. Kuhusu wewe hajasema kitu, ila nilipomsomea barua yako aliniomba nirudie pale uliposema uliogopa kumuuliza yeye.

Muuguzi ameniletea boksi tena. Mkutano unaikataza safu, haunikatazi ukuta wangu. Jana asubuhi Fundi akaja na drili bila kuombwa. Akapima, akatoboa, akalitundika karibu na kaunta, chini kabisa, usawa wa kifua changu. Yeye ni mrefu, na amezoea kufunga vitu juu. Nikamwambia amekosea, alipandishe. Akafuta vumbi la ukuta kwa kiganja, hakunigeukia.

"Mimi sitakuwa wa kulifikia, Shangazi," alisema. "Nimepima mkono wako."

Njoo, mwanangu. Hili siliwezi peke yangu.

Shangazi yako